Miwani ya Baba na Fremu za Mwakio

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo damu hunichemka, na umri wangu huu si wa kuchemkachemka. Ni siku tuliyogawana vitu vya marehemu baba yangu, huko Sagalla, nikiwa msichana wa shule ya msingi. Keti nikusimulie. Najua simu yako inakuita, lakini haya ninayotaka kukuambia yanahusu macho yako, na hiyo simu bila macho utaifanyia nini?

Baba alikuwa karani wa stesheni ya reli hapo Voi. Alivaa miwani ya fremu nyeusi, nzito, yenye vioo vinene kama chini ya chupa ya soda. Bila miwani ile alikuwa hatofautishi mbuzi na jiwe. Alipofariki, na siku za matanga zikaisha, wazee wa ukoo walikaa uani kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi yetu. Koti likaenda kwa huyu, kigoda kwa yule, redio ikabaki kwa mama. Hapo sina neno. Kitu cha marehemu kikiachwa kizagae bila mwenyewe, hata nyumba huonekana kama imehamwa.

Ilipofika zamu ya miwani, mzee mmoja aliinyanyua juu watu wote waione, akamwita kaka yangu Mghanga, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaota ndevu, akamvisha kwa mkono wake.

"Kuanzia leo," akasema, "wewe ndiye baba wa nyumba hii."

Watu wakapiga makofi, na mama akalia.

Sasa nisikilize vizuri, maana upumbavu wenyewe ulianzia hapo. Mghanga alikuwa na macho mazima kabisa. Akisimama mlangoni kwa mama, aliweza kumwona pimbi amekaa juu ya mwamba wa mlimani, wakati mimi nilikuwa siuoni hata huo mwamba. Huyo ndiye aliyefunikwa macho kwa vioo vya baba. Akaambiwa asionekane mbele za watu bila miwani, kwa sababu mwenye nyumba ni sharti afanane na mwenye nyumba. Akaivaa kanisani, akaivaa kwenye vikao, akaivaa hata kisimani. Alipolalamika kwamba kichwa kinamzunguka, wazee waliangaliana kwa furaha. Walisema ni marehemu anamwingia, avumilie. Ndiyo, mwanangu, watu wazima wenye mvi, wanaoenda kanisani kila Jumapili, walisema hivyo, na hakuna aliyecheka.

Na wakati huo wote mimi ndiye niliyekuwa sioni. Hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe sikujua, maana aliyezaliwa ndani ya ukungu hudhani ndio hali ya hewa. Watu niliwatambua kwa kikohozi na kwa mwendo. Shuleni ubao kwangu ulikuwa ukuta tu wenye vumbi la chaki. Nilinakili hesabu kutoka kwa jirani yangu, mwalimu akanichapa kwa kuiba. Nilipoacha kunakili, akanichapa kwa uvivu. Mwisho akaja nyumbani akasema kwamba mtoto huyu ni mzito wa kichwa, anakalia dawati la bure. Wazee wale wale wa ukoo wakakubaliana naye bila kuniuliza hata swali moja. Muhula ukiisha, mimi Mshai niache shule, nikae nyumbani nichote maji.

Maji kwetu Sagalla si jambo la mchezo. Kisima kiko mbali, njia ni ya mawe, na ukimwaga debe moja umemwaga jasho la asubuhi nzima. Siku hiyo Mghanga alikuwa mbele na debe lake begani, na miwani yake usoni, kwa kuwa kisimani kuna watu na baba wa nyumba hawezi kwenda uchi wa macho. Mimi nilimfuata nyuma na ndoo ndogo. Akakanyaga pale alipoona jiwe, kumbe jiwe liko chini zaidi. Nilisikia debe likigonga mawe, kisha nikamsikia kaka yangu akilia kama mtoto. Mkono ulikuwa umevunjika. Maji yote yalinywewa na ardhi. Miwani, ajabu, ilikuwa nzima.

Wazee wakaja tena. Safari hii wakasema marehemu amekasirika, labda miwani iombewe kisha Mghanga aendelee kuivaa. Hapo ndipo shangazi yangu aliposimama. Alikuwa dada yake baba, ameolewa Werugha kule juu kwenye baridi, na alikuwa ameshuka kuja kumwona mgonjwa. Mwanamke hakutarajiwa kusema katika kikao kile, lakini shangazi hakuwa mtu wa kutarajiwa. Alinitazama kwanza kwa muda, kisha akaenda mpaka kwenye mlango wa jikoni, akainua mkono.

"Mshai," akaniita, "nimeshika nini?"

"Sijui, shangazi," nikamjibu. "Najua tu ni wewe, kwa sauti yako."

Alikuwa ameshika kikapu kizima cha viazi.

"Mmesikia?" akawageukia wazee. "Macho ya ndugu yangu ameyarithi huyu msichana, na nyinyi miwani mkampa mvulana! Anayeona mmemfanya kipofu hadi amevunjika mkono. Asiyeona mnamtoa shule mkisema ni mjinga. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hayo yenu ni ya nini, ya kulilia matangani?"

Mzee mmoja akajitutumua akasema miwani ya mwanamume haivaliwi na mtoto wa kike.

"Fremu haina mume wala mke," shangazi akamjibu. "Ilete hapa."

Akaivua mwenyewe usoni mwa Mghanga, na nilimsikia kaka yangu akishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Kesho yake shangazi alinishika mkono tukateremka kwenda hospitalini, kwa mtu wa kupima macho. Mtu yule alinipima, kisha akaiangalia miwani ya baba kwenye mwanga. Alisema vioo vile vilikuwa vya macho ya baba peke yake, ukimvisha mtu mwingine unamtesa. Lakini fremu ni nzuri, akasema, na imara, ya nini kuitupa? Akavitoa vioo vya baba, na tuliporudi kwake baadaye akawa ametia vyangu ndani ya fremu ile ile. Fremu ilinizidi uso. Shangazi akaifunga kwa nyuma na kipande cha mpira wa baiskeli, shuleni wakanicheka mpaka wakachoka. Vile vioo vya zamani alivifunga kwenye karatasi akampelekea Mghanga.

"Wewe ndiye baba wa nyumba? Haya, urithi wako huu hapa. Weka mfukoni, usiweke machoni."

Mghanga alicheka hadi mkono ukamuuma. Vioo vile alivitunza maisha yake yote.

Sasa nikuambie jambo ambalo nikilisema sauti hubadilika. Asubuhi ya kwanza nilipokwenda shule na miwani, nilifika kwenye kona ya njia nikageuka nyuma, bila sababu. Nikamwona mama. Alikuwa amesimama juu ukingoni mwa shamba, mkono ameuinua, ananipungia. Nilirudi mbio nikamuuliza leo kuna nini. Akashangaa. Akasema husimama pale kila siku mpaka nipotee kwenye kona, na amezoea kwamba mimi si mtoto wa kupunga mkono. Miaka yote ile, mwanangu. Mama yangu alidhani sina mapenzi, kumbe sina macho. Ndiyo maana nikiwakumbuka wazee wale na makofi yao siwezi kuwasamehe haraka, Mungu anirehemu.

Shule sikutoka. Fremu ya baba niliivaa mpaka nikawa mwanamke mzima mwenye watoto, na vioo vilibadilishwa kila macho yalipobadilika. Kwa sababu macho hutembea. Hayakai pale ulipoyaacha.

Basi njoo sasa hapa Mraru, kwa mjukuu wangu Mwakio, ninayeishi naye. Ni kijana mwema, wa bodaboda, anabeba watu kati ya hapa na Voi mjini. Macho ya baba yamemfikia na yeye, nilimpeleka kupimwa akiwa kidato cha pili. Kila asubuhi akiondoka mimi husimama getini nikampungia, na yeye huenda zake. Nilijiambia ndio adabu za vijana wa siku hizi.

Majuzi nilikuwa natembea kando ya barabara na mboga zangu, nikamwona anakuja. Nikainua mkono anipakie. Mwakio akanipita karibu mpaka leso yangu ikapepea, akaenda moja kwa moja kwa ndama wa jirani aliyekuwa anavuka, akamkwepa dakika ya mwisho, pikipiki ikayumba hadi majanini, akaanguka. Akainuka, akajipangusa, akaondoka. Hata mimi hakuniona. Moyo wangu ulibaki pale barabarani.

Jioni namkuta mezani amepanga fremu za miwani kwa rangi: nyeusi, ya kahawia, ya bluu, na moja inayong'aa kama kanga mpya.

"Nyanya, cheki hii," akaniambia kwa furaha. "Lenzi inabaki ile ile, unachange fremu tu. Inashikwa na sumaku juu ya hiki kifremu chembamba cha ndani. Kazini navaa hii, kanisani navaa hii. Hiyo ya kung'aa ni ya harusi."

Akavua, akabandika, akavua. Ta! Ta! Nikakiri kimoyomoyo kwamba aliyebuni kitu hiki ana akili. Fremu ikivunjika hutupi vioo. Shangazi angekipenda.

"Na vioo ni vya lini?" nikamuuliza.

"Si ni zile za form two, Nyanya. Jamaa aliyeniuzia fremu alizichonga tu zikaingia hapa."

"Huyo jamaa alikupima macho?"

"Aah, yeye ni wa fremu tu."

Mwanangu, hebu fikiri. Mtu mzima anauza vitu vya kuvaa machoni, anamwona kijana wa bodaboda mbele yake, anachukua vioo vya mtoto wa shule anavichonga, anamchagulia rangi inayofanana na kofia, na hamwulizi unaona? Na huyu wangu, aliyeona miwani yangu ikibadilishwa vioo tangu anatambaa, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki anajiona amependeza! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikawaona wale wazee wa Sagalla wamefufuka, wanapiga makofi.

"Mimi nilibakiza fremu nikabadilisha vioo," nikamwambia. "Wewe unabadilisha fremu unabakiza vioo. Leo barabarani ulimpita nani?"

"Nilimpita nani? Sikuona mtu."

"Ulinipita mimi. Nilikuwa nimeinua mkono."

Nikachukua ufunguo wa pikipiki mezani, nikaufunga kwenye pindo la leso yangu.

"Nyanya, customer wananingoja kesho!"

"Na ndama je, hakukungoja? Hutashika usukani mpaka mtu wa macho akupime."

Alinuna, akakataa chakula, akaita jina la marehemu mama yake. Sikutikisika. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi kwa Mwakio sina machozi ya kulilia kaburi. Kesho yake tulikwenda Voi pamoja, yeye amenuna njia nzima. Akapimwa, ikaonekana vioo vile alishavipita zamani sana. Vipya vilipokuwa tayari, vilitiwa kwenye kile kifremu chembamba cha ndani, na fremu zake zote za rangi zikaendelea kushika juu yake kama kawaida. Hakupoteza hata moja. Kumbe hakuna ugomvi kati ya kuona na kupendeza, isipokuwa ugomvi wa nani atangulie.

Aliporudi nyumbani na miwani hiyo alinitazama muda mrefu.

"Nyanya, kumbe umezeeka hivi?"

"Nilizeeka zamani," nikamjibu. "Wewe ndiye umechelewa kufika."

Nikampa ufunguo. Asubuhi yake nikasimama getini kama siku zote. Alifika kwenye kona, akapunguza mwendo, akageuza kichwa. Alikuwa amevaa ile fremu ya kung'aa, ya harusi, siku ya kazi. Akainua mkono juu kabisa, akanipungia.

Basi sikia shauri langu, mwanangu, wewe uliyevumilia hasira za bibi kizee. Badilisha fremu upendavyo, vaa nyekundu, vaa ya dhahabu, ujana ni wako. Lakini kabla ya kuuliza inanipendeza, uliza naona? Usivae macho ya mtu aliyekufa kwa sababu ukoo umepiga makofi, wala usivae macho yako ya utotoni kwa sababu muuzaji amenyamaza. Nenda ukapimwe, na mwaka ukipita uende tena. Na ukimwona mtoto anaitwa mjinga, usikimbilie fimbo. Simama mlangoni kwanza, inua kitu, umwulize nimeshika nini.

Mungu akuhifadhi barabarani na mlimani. Akupe mwanga unaokutosha hadi uzee. Na popote uendako, usipite bila kumwona anayekupungia mkono.