Mama wa Roulage Aliyekataa Kupisha

Nilikuwa Rughenda, kwenye uwanja wa ndege, nikimngoja shemeji yangu, simu ilipolia. Aliyenipigia alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa Beni anayesafirisha mbao, mtu niliyemzoea kwa utani. Siku hiyo hakutania. "Muzee," akasema, "mama yetu ya roulage hayuko tena. Alikufia kazini jana, mu bureau yake." Nikabaki nimeishika simu sikioni huku ndege ikitua na watu wakikimbilia mizigo yao. Wengi wenu mlimwona mama huyo miaka aliyokuwa akiongoza magari hapa Butembo: mrefu, mweusi, sauti nzito, filimbi kifuani. Huenda mlimtukana pia, kama tunavyowatukana askari wote wa barabarani.

Mji mdogo kama wetu una polisi wa namna nyingi, na raia hujifunza tofauti zao siku ya taabu. Wapo roulage wa kuongoza magari. Wapo wa kuingilia kati penye ghasia, wenye kofia ngumu na ngao. Wapo wa upelelezi, wanaoandika maelezo na kupeleka watu mbele ya sheria. Wapo wa kulinda wanawake na watoto. Ni mpango mzuri, maana kazi ya kumhoji binti aliyebakwa haifanani na kazi ya kupanga malori. Lakini kila kikosi kina mpaka wake, na kuna saa ambapo roho ya mtu huangukia hasa pale penye mpaka.

Saa hiyo niliishuhudia mwenyewe. Wiki ile waasi wa msituni walikuwa wameua watu tena mashambani upande wa Beni, na maiti zilikuwa zimepita mjini mchana kweupe. Tulikuwa na hasira isiyojua pa kwenda. Karibu na njia panda alikokuwa akifanya kazi mama huyo, kijana mmoja mgeni alishuka kwenye pikipiki na kuuliza njia kwa Lingala. Mtu akamjibu kwa Kinande, lugha ya hapa kwetu, hakuelewa. Akaulizwa anatoka wapi, akababaika. Hayo yalitosha. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka la vipuri nikaona watu wakikusanyika, kwanza kwa udadisi, kisha kwa mikono. "Ni mumoja ya bale banatuchinja!" sauti ilipiga kelele. "Leta pneu! Leta essence!" Tairi kuukuu na petroli vikaja haraka kuliko gari lolote la wagonjwa nililowahi kuona.

Yule mama aliacha magari yajisimamie, akapenya umati kwa mabega, akasimama kumkinga kijana ambaye tayari alikuwa chini, damu ikimtoka mdomoni. Akatoa simu. Kikosi cha ghasia kilikuwa upande mwingine wa mji, kwenye vizuizi vya waandamanaji, wala kisingeweza kufika mara moja. Wapelelezi walimwambia wako tayari kumpokea mtu huyo, amlete. Amlete na nini? Alikuwa na filimbi na glovu nyeupe. Akarudisha simu mfukoni, akatazama barabarani, akaona lori la mbao linakuja, la yule dereva wa Beni aliyekuja kunipigia simu baadaye. Hapo akafanya jambo pekee ambalo kikosi chake kilimfundisha: akainua mkono. Lori likasimama.

"Weka camion hapa, katikati!" akamwamuru dereva.

"Mama, lakini camion hapana ya mimi, ni ya patron, ya bosi!"

"Nitajibu mimi! Fungua mulango, papa, fungua!"

Dereva alifungua. Mama yule akamwinua kijana kwa makwapa kama mtu anayeinua gunia, huku mawe yakianza kuruka. Mwanamume mmoja, jirani yangu ninayesali naye kanisa moja, akamshika mkono. "Mama, wewe mwenyewe ulizika kaka yako kule Beni. Umesahau? Unalinda bale balimuua?" Ilikuwa kweli. Kaka yake alichinjwa shambani kwake, na sisi tulikwenda kumlilia. Nilimwona akisita, uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyepigwa kofi. Kisha akasema, bila kelele, "Kaka yangu pia, hakukuwa mutu wa kusimama mbele yake." Akautoa mkono wake, akamsukuma kijana ndani ya lori, naye akapanda ngazi ya mlango na kung'ang'ania hapo nje. Jiwe lilimpata juu ya jicho wakati lori linaondoka. Hakuanguka.

Kijana alipona. Wapelelezi wakagundua ni fundi wa vigae kutoka mbali, aliyeitwa kufanya kazi kwenye nyumba inayojengwa. Mngedhani mji ungeona haya. Mji haukuona haya. Kuanzia siku hiyo wenye pikipiki walikataa kumbeba mama huyo, na sokoni muuza nyanya alifunika bidhaa zake akimwona anakuja. Wakamwita mama wa wauaji. Watoto wake walipigwa shuleni. Mwishowe aliomba ahamishwe, akapelekwa Beni, kwenye kikosi cha wanawake na watoto. Akapanga nyumba katika komuni ya Beu, na kovu lake usoni.

Nilimtembelea huko mara moja. Chumba chake cha kazi kilikuwa na viti viwili, meza, na pazia alilolishona mwenyewe ili wanaopita nje wasione anayelia ndani. Nikamuuliza, kwa ujinga wa sisi waandishi, kama angemlinda yule kijana hata kama kweli angekuwa muuaji. "Papa, sikumusimamia sababu hana makosa," akasema. "Sikujua kama iko na makosa ao hapana. Nilimusimamia sababu balikuwa banataka kumuchoma." Kisha akaniambia kazi mpya ilikuwa inamshinda. "Mu roulage, unainua mukono, gari inasimama. Hapa batoto banakuja, banaeleza, na mimi sina kitu ya kusimamisha. Kila kitu kimeisha kufanyika." Daktari alikuwa amemwonya kuhusu presha. Alisema angepumzika siku mabinti watakapoacha kuja.

Hawakuacha. Siku aliyokufa alikuwa amekaa na msichana aliyetoroka msituni baada ya kutekwa. Mwenzake wa kazi ndiye aliyenisimulia. Msichana alikuwa amefika mahali pagumu pa habari yake, mama akainamisha kichwa juu ya meza, na msichana akadhani analia. Akaweka mkono begani mwake, akaendelea kusema, polepole, ili amalize. Alipomaliza ndipo akaona kwamba mama hapumui.

Tulimzika Butembo, penye ukoo wake. Yule dereva wa lori ndiye aliyeuleta mwili kutoka Beni, akasimama nyuma kabisa kanisani misa nzima na kofia yake mkononi. Muuza nyanya alikuja. Jirani yangu alikuja. Waliimba kwa sauti kubwa, na sitaki kusema kwamba machozi yao yalikuwa ya uongo. Hofu ya muda mrefu imetufanya hivi: tunalia vizuri, tunachoma vizuri, na mikono ni ileile. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunauliza kila siku kikosi gani kitatulinda na wanaotoka msituni, na tuna haki ya kuuliza. Ila umati ule haukutoka msituni. Ulitoka madukani, kanisani, nyumbani kwetu, na tangu polisi waanze kuwapo hakuna kikosi kilichoundwa cha kumzuia jirani asimchome mgeni. Kazi hiyo haina ofisi. Itamwangukia yeyote aliyesimama karibu, na atakapopiga simu ataambiwa angoje. Basi na tufundishane, tungali hai, kutongoja.