Mama Chenji na Foleni ya Waliokula Hasara

Saa nne asubuhi, Jumatatu. Mama Chenji anafuta kioo cha dirisha lake kwa kitambaa, anavuta kiti na kubonyeza kitufe. Taa ya kijani inawaka juu ya kichwa chake. Foleni inasogea.

Hawa ni watu walioliwa fedha wikiendi katika kasino hii. Leo wamekuja kurudishiwa kidogo.

"Mama Chenji, nihudumie haraka, nimeegesha gari vibaya," anasema dereva wa teksi aliye mbele.

"Gari lako lina akili kukuzidi," anadakia mtu nyuma yake. "Lenyewe limebaki nje."

Foleni inacheka. Mama Chenji hacheki. Anahesabu sarafu za plastiki za rangi ya chungwa, anazipitisha chini ya kioo, kisha anatamka maneno ambayo kila keshia hapa lazima ayatamke: "Rudisho lako hili hapa. Karibu tena mezani."

Anamwambia hivyo wa pili, na wa tatu. Wa nne anapofika, anaacha kuhesabu. Ni mdogo wake, fundi seremala, mtoto wa tumbo moja.

Mama Chenji, mama wa watoto wawili, ameomba jina lake halisi lisiandikwe. "Kazi naitaka bado," anasema nyumbani kwake, huku akikunja nguo za watoto. Duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa keshia lilipofungwa, kasino ndiyo iliyompokea. Mshahara wake ni laki nne na nusu kwa mwezi. Kodi, chakula na ada vikitoka, hakibaki cha kujivunia.

Rudisho analolitoa halina fumbo. Mteja akipoteza laki mbili au zaidi kati ya Ijumaa na Jumapili, anarudishiwa moja ya tano. Sharti lake ni kwamba awe amecheza si chini ya mizunguko thelathini. Tena hapewi fedha. Anapewa zile sarafu za chungwa, ambazo hazibadilishwi kuwa noti mpaka zipite mezani kwanza.

Mdogo wake alianza kwa mchezo. Baadaye kila Jumatatu alikuwa kwenye foleni, akimpungia dada yake mkono kama aliyekuja kumsalimia.

"Jumapili moja alikuwa amepoteza laki moja na sitini," anasimulia Mama Chenji. "Mwenye akili angekwenda kulala. Yeye akabaki, akapoteza elfu arobaini nyingine kwa makusudi, ili afike laki mbili apewe rudisho. Rudisho lenyewe ni shilingi ngapi? Arobaini! Amekimbia uwanja mzima, amerudi alipoanzia, na sasa fedha yake imegeuka plastiki."

Akiwa dirishani haruhusiwi kumshauri mteja, hata akiwa ndugu. Wala hawezi kumfungia mlango. Kasino hupiga picha ya mtu anayetaka kuzuiwa na kuibandika kwa walinzi, naye haingii kwa mwaka mzima. Lakini ombi hilo sharti litoke kinywani mwa mchezaji mwenyewe.

Wiki iliyopita mambo yaliiva. Fundi alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: madawati arobaini ya shule. Akapewa malipo ya awali ya kununulia mbao. Wikiendi hiyohiyo kasino ikatangaza kuwa rudisho litapanda kutoka moja ya tano hadi moja ya nne.

"Alinijia anang'aa," anasema dada mtu. "Akaniambia, 'Dada, sasa wanabeba hasara pamoja na mimi. Fedha ya mbao naizungusha siku mbili tu, naongeza na mashine ya randa.' Nikaona madawati arobaini yanaondoka na upepo, na mdogo wangu anatafutwa na shule nzima."

Hakumpigia kelele. Alikwisha jaribu kelele, hazikufaa. Jumamosi mchana alimfuata kwenye karakana yake, akachagua mbao mbili zilizolingana urefu.

"Kata huu mmoja," akamwambia.

"Vipande vingapi?"

"Pitisha msumeno mara thelathini."

"Dada, umekuja kuniharibia mali?"

"Wewe kata. Mbao nitalipa."

Fundi akakata, akinung'unika. Alipomaliza, dada akamwambia avipange vipande vyote vishikane, kando ya ubao uliobaki mzima. Akavipanga. Ubao uliokatwa ulikuwa umepungua upana wa kiganja.

"Kilichopungua kiko wapi?"

Fundi akatazama sakafuni. "Si unga huo."

Ndipo Mama Chenji alipomweleza. Gurudumu la kasino lina vyumba thelathini na saba. Ukiweka kwenye nyekundu, kumi na vinane ni vyako, kumi na tisa si vyako. Tofauti ni ndogo kama upana wa meno ya msumeno, lakini hukatwa kila mzunguko.

"Sikumdanganya," anasema. "Nilimwambia rudisho kweli linasogeza mizani. Lingekuwa la fedha taslimu, ukaweka mara moja tu kisha ukaondoka, lingekupendelea wewe. Wenye kasino wanajua hilo, ndiyo maana wakaweka mizunguko thelathini. Wanataka ukate, ukate, ukate."

Akaokota kipande chembamba cha mbao, upana wa kidole kimoja, akakiweka mwisho wa ule ubao uliopungua. Pengo halikuzibika.

"Hilo ndilo rudisho lako."

Fundi hakukubali kirahisi. "Lakini mbao haina bahati, dada. Mezani kuna bahati."

"Ipo. Ndiyo maana kuna siku unatoka unacheka. Lakini unga unaanguka hata siku hiyo."

Fundi akachukua ufagio akaanza kufagia. Dada mtu akaondoka bila kujua kama amesikika. Wikiendi ile hakulala usingizi wa maana, na simu hakupiga. "Ningepiga, angenidanganya," anasema.

Kwa hiyo Jumatatu hii, anapomwona mdogo wake mbele ya kioo, anajilazimisha kusema kama anavyosema kwa wote: "Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kupigwa picha," anasema fundi.

"Picha gani?"

"Ya kubandikwa kwa walinzi. Na mnipige vizuri, nisije nikafananishwa na mwenye kasino."

Mama Chenji anasogea karibu na kioo. "Mbao?"

"Zimeshushwa asubuhi. Nimewaacha watu wanapanga."

Kuna jambo moja lazima amwambie, kwa sababu kanuni ndivyo ilivyo. Rudisho la wiki iliyotangulia hakulichukua, kwa kuwa Jumatatu ile alikwenda kupokea kazi ya madawati, na akipigwa picha linapotea.

"Una sarafu za elfu arobaini hapa," anasema.

"Waachie," anajibu fundi. "Ni unga."

Mwaka ukiisha picha itabanduliwa, na Mama Chenji anajua fika kwamba mlango utafunguka tena. Mpango wake ni awe ameacha kazi kabla ya hapo. Madawati yakilipwa, anataka kushika fedha za karakana, na tayari amekwisha chagua kona ya kuweka meza yake.

"Huko pia nitakaa dirishani," anasema akiweka nguo ya mwisho juu ya nyingine. "Lakini mtu akishapokea chake, nitamwambia aende nyumbani."