Mkaa wa Magunzi na Maji Machungu ya Maisaka

Nimefundisha kemia Babati kwa miaka mingi, na nimechoka kuona watu wazima wakidanganywa na rangi. Maji yakiwa na rangi wanayaogopa, yakiwa meupe wanapiga makofi. Mtaalamu aliyetujia Maisaka alilijua hilo kuliko alivyoijua kazi yake.

Aliitwa na mwenye zahanati moja ya binafsi. Maji ya kuoshea vyombo vya dawa yalikuwa yakitiririka mferejini hadi kwenye bustani za mboga, yakiwa na mabaki ya vidonge na dawa za maji. Mtaalamu akaleta pipa lililojazwa mkaa wa magunzi ya mahindi. Wazo lenyewe si baya, hata mimi nimelijaribu shuleni. Magunzi yakichomwa ndani ya chombo kilichofunikwa, mkaa wake hubaki na vitundu vidogo mno, na dawa nyingi hunasa humo. Lakini yake yalichomwa juujuu, uwanjani. Nusu yalikuwa majivu, nusu bado ya kahawia. Nilijaribu kuvunja kipande kimoja, kikapinda.

Siku ya uzinduzi alivaa koti jeupe la daktari. Sijui alitaka kumtibu nani. Akamimina maji yenye wino kidogo, yakatoka chini karibu meupe. Watu wakashangilia.

"Wekeni dawa yoyote," akajigamba. "Nitayanywa mbele yenu!"

Muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyesimama kando yangu, akanitazama. Nikamwomba kitu kichungu. Akaingia ndani, akatoka na vidonge vya kwinini. Tukavisaga, tukavikoroga kwenye ndoo ya maji hadharani, maji yakapitishwa kwenye pipa.

"Hii ni kwinini," nikamwambia mtaalamu. "Usinywe. Onja kwa ncha ya ulimi, uteme."

Watu wa aina yake hawaonji. Akakinga glasi, akapiga funda zima, uso ukamkunjamana, akatema kwenye maua ya mwenye zahanati. Mama mmoja aliyetoka mtaa wa Singe alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mkaa bado mgeni," mtaalamu akasema huku akijifuta mdomo. "Utazoea."

Mkaa uzoee! Nilifundisha kidato cha pili siku nyingi, na hata huko sijapata kusikia jibu la kijinga namna hiyo.

Nikamuuliza mkaa ukishachoka kunasa dawa unatupwa wapi.

"Hautupwi, Mwalimu. Ule wa majaribio nimewagawia akina mama wa bustani leo asubuhi. Mbolea safi kabisa."

Hapo kicheko kikaniisha. "Yaani umezitoa dawa kwenye maji ili uwalishe watu kwenye mchicha?"

"Mwalimu, usitishe wananchi."

Alikula pilau, akaondoka. Picha yake akiwa na glasi mkononi ilizunguka kwenye simu za mji mzima. Aliyeipiga alikuwa na adabu ya kuacha kupiga kabla mtaalamu hajatema.

Jioni ile mimi na muuguzi tulipita nyumba kwa nyumba kuomba mkaa urudishwe. "Shikamoo, mama. Ule mkaa wa asubuhi umeshaumwaga?" Mmoja alikuwa ameshauchanganya na udongo, tukauchota kwa koleo pamoja na miche yake. Alinuna, na alikuwa na haki.

Muuguzi akapiga marufuku kumwaga dawa zilizobaki kwenye sinki, jambo ambalo lilipaswa kutangulia pipa lolote. Sisi tukachoma magunzi upya kwenye pipa lililofunikwa vizuri, tukaosha mkaa, tukapitisha maji polepole. Mkaa uliochoka unawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko na kupelekwa kwenye tanuru kubwa la taka za hospitali.

Ulimi si mashine, kwa hiyo tulipeleka sampuli maabara. Dawa nyingi zilipungua sana. Moja haikupungua kabisa. Mwenye zahanati alitaka tuifiche hiyo ili afanye uzinduzi wa pili. Muuguzi akamjibu, "Baba, safari hii utakunywa wewe." Hajauliza tena.