Kaske ya Sikio Moja

Kaske ya Tata Mukuna ilikufa upande wa kuume siku ya Jumanne, mke wake akiwa katikati ya wimbo.

Mke wake, Blandine, alizikwa mwezi wa pili. Aliimba katika kwaya ya parokia, na mazoezi yake yamebaki ndani ya simu. Spika ya simu ilishakufa zamani. Kwa hiyo kila alasiri Mukuna alivaa kaske masikioni, akafumba macho, na Blandine akaimba. Akikosea alicheka, akaanza tena. Mukuna alipenda zaidi pale anapokosea.

Sasa upande wa kuume ulikuwa bubu. Akausukuma nyuma ya sikio. Sikio likiwa wazi, likasikia kitu kingine.

Tik. Tik. Chini ya sakafu.

Mukuna alichimba madini miaka ishirini na miwili. Hakuhitaji kuuliza. Hicho ni chuma kikipiga jiwe. Huku Musonoi watu wanachimba hata chini ya vitanda vyao, wanafuata madini mpaka kwa jirani, bila hodi. Walikuwa chini yake tangu lini, yeye akimsikiliza Blandine? Hakujua.

Akampigia binti yake Tatiana, aliyeolewa Tenke.

"Tati, kaske yangu imekufa upande mumoja. Niitengenezeshe, ao ninunue mupya?"

"Papa! Kaske yenye kupasuka batu habatengenezake! Unatafuta kufa? Nunua mupya!"

"Haikupasuka. Iko tu bubu."

"Bubu namna gani? Papa, uko unashuka tena mu shimo? Na ile miaka yako yote?"

Hapo Mukuna akaelewa. Kofia ya mchimbaji ni kaske, na ya kusikilizia nayo ni kaske. Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ya masikio, Tati. Ya kusikilizia mama yenu."

Tatiana hakucheka. "Basi haushuke mu shimo?"

"Mi hapana. Shimo njo iko inanifuata."

Hakukusudia kulisema. "Papa, nini?" Mukuna akakata simu.

Kesho yake akapanda pikipiki mpaka Manika, kwa Elisée, fundi wa simu pale sokoni. Elisée akaigeuza kaske kama samaki wa juzi.

"Tata, hii ni ya wakati gani? Vaa hii mupya. Hata dinamiti ipasuke, hauisikie."

Mukuna akaivaa. Soko lote likazimika. Vinywa vilifunguka, pikipiki zikapita, hakuna sauti. Akaivua haraka.

"Tengeneza yangu."

Waya mmoja tu ulikuwa umekatika. Elisée akauchomelea, na Blandine akarudi kwenye masikio yote mawili, karibu sana, mpaka Mukuna akageuza kichwa amtafute. Blandine akakosea. Akacheka. Mukuna alitaka kwenda nyumbani na kile kicheko, afumbe macho, asisikie tena kitu cha chini.

Lakini ukuta wake na wa jirani yake, Mama Tshiela, ni mmoja, na Tshiela analea wajukuu watano mle ndani. Mchana redio yao inalia, watoto wanapiga kelele. Nani mwingine angesikia ile tik? Na kaske ikiwa nzima, alijijua: angefumba macho.

Akangoja wimbo uishe.

"Ukate tena."

"Nikate nini?"

"Ile waya. Ya kuume."

"Tata, batu banalipaka juu ya kutengeneza!"

"Mi nitalipa juu ya kukata."

"Mama Falonne!" Elisée akamwita jirani yake muuza nyanya. "Kuya uone, muzee anaomba nimuharibie kitu!" Wakacheka wote wawili. Mukuna alimnyooshea tu kaske mpaka waya ukakatwa.

Alasiri ile akakaa kwenye kiti. Kushoto, Blandine. Kuume, tik, tik, sasa chini ya miguu yake kabisa.

Halafu tik ikanyamaza.

Mukuna akamzima Blandine. Chuma kinanyamaza kwa sababu mbili: watu wamechoka, wanapumzika, au wamesikia jiwe likilia, dalili ya kuporomoka, wamekimbia. Akangoja chuma kianze tena. Hakikuanza. Vumbi kidogo likateremka ukutani, peke yake.

Akatoka, akapiga mlango wa jirani kwa ngumi.

"Tshiela! Toa batoto inje."

"Juu ya nini, tata? Beko banakula."

"Toa batoto. Bakulie ku barabara."