Mama Kitanda na Mlango wa Kufuli

Wengine walimwita Mkurugenzi, lakini wanafunzi walimwita Mama Kitanda, naye jina hilo alilivaa kama kilemba. Aliuguza watu mpaka nywele zikaota mvi, akafungua chuo cha uuguzi kwao, na kilipoota mizizi akavuka mpaka kufungua kingine ugenini. Alikwenda na mdogo wake wa kike na kichwa chake kigumu. Watu wakauliza, bibi huyu anatafuta nini nchi za watu? Alitafuta pa kufundisha, basi.

Chuo kilikuwa na sharti moja. Kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa, atalala kitandani kutwa nzima, haruhusiwi kuinuka. Wenzake watamwogesha, watamlisha uji kwa kijiko, na haja ikimbana ataomba chombo.

"Ukiomba maji watu wakapita kama hawajakusikia," alikuwa akisema, "hutampita mgonjwa maisha yako."

Sasa mwenye jengo walilopanga alikuwa na binti pale chuoni. Zamu yake ilipofika, binti akanuna, akaenda kumshtakia baba. Baba akaja mbio, vifungo vya shati havijakaa sawa.

"Mama, binti yangu si mgonjwa wala si mtoto mchanga! Acha huo upuuzi au toka kwenye jengo langu."

"Jengo ni lako, baba. Chuo ni changu."

"Mgeni una kiburi wewe!"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenu hamkuusikia msemo huo?"

Asubuhi yake wakakuta vitanda vimetupwa nje kando ya barabara, mlangoni kufuli.

"Dada, tukubali," mdogo wake akalia. "Sharti moja tu! Tukirudi nyumbani mikono mitupu watatucheka."

"Wacheke, meno ni yao."

"Kwani wagonjwa watajua?"

"Mgonjwa akiguswa anajua kaguswa na nani. Lete shuka."

Akatandika palepale kwenye vumbi, kona zimekazwa. Fundi wa pancha ng'ambo ya pili akapiga kelele, "Mama, ndiyo mmehamia?"

"Tumehamia! Ukiugua usijidai hutujui." Akawageukia wanafunzi. "Leo nani analala?"

Kila mmoja akaangalia viatu vyake. Kulala ndani ni jambo moja, kulala mbele ya barabara nzima ni jambo jingine. Kisha binti wa mwenye jengo akavua viatu.

"Nilale mimi. Haya nimeyaleta mimi."

"Ukilala huinuki."

"Najua, Mama."

Wakamwosha uso, wakamwosha miguu. Uji ukamchuruzika kidevuni, wapita njia wakacheka, naye machozi yakamtoka, lakini hakuinuka. Mchana baba yake akafika, akasimama juu yake.

"Inuka! Watu wanakutazama!"

"Siruhusiwi, baba. Na usogee kidogo, unamzuia mwenzangu na maji."

Mama Kitanda akamsogelea mzee, shuka begani.

"Baba, kama umekuja na ufunguo, fungua. Kama hukuja nao, shika shuka upande ule tumsitiri. Mgonjwa wetu anaomba chombo."

Mkono wa mzee ukaingia mfukoni upesi kuliko ulimi, na kufuli likafunguka.

Binti akaingizwa ndani amebebwa pamoja na kitanda chake. Jua lilikuwa halijazama, na sharti ni sharti.