Kope za Baba Pichani

Vilipoota kwenye kope zangu, upande wa pua, vipande viwili vya manjano kama uji uliokaukia hapo, Kitale nzima iligeuka kuwa daktari. Jirani yangu alisema ni dalili ya kushiba, akanipongeza. Msusi wangu alitaka kuvichoma kwa dawa ileile anayowapaka wateja wenye chunusi, tena sentimita moja kutoka kwenye mboni ya jicho. Mama mmoja kanisani aliniuliza, kwa ile huruma yake ya kujionyesha, kama kuna mtu niliyemkosea. Watu wasioweza kutibu mafua yao wenyewe.

Nikaenda hospitali. Daktari alisema ni mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi. Vyenyewe havina neno. Vinaweza kutolewa, na vinaweza kurudi. Si kila mwenye navyo ana kolestro nyingi kwenye damu, lakini damu yangu ilipopimwa, mimi nilikuwa nayo. Akanipa vidonge, akanikataza kukaanga kila kitu, kisha akauliza kama kwetu kuna mwingine mwenye vipande kama hivyo.

Kaka yangu mkubwa anavyo, vikubwa kuliko vyangu. Baba pia alikuwa navyo. Baba alianguka kwenye shamba la miwa kwetu Bokoli, mkono kifuani, na kabla hajazikwa ukoo ulikuwa umeshaamua kwamba jirani wa ng'ambo ya kijito ndiye aliyemroga. Maskini yule akahama na mbuzi wake. Hakuna hata mmoja aliyefikiria moyo wa marehemu.

Jumamosi nikaenda Bokoli. Kuku alikuwa amechinjwa, na kwa kuwa kaka ndiye mwenye mji tangu baba afe, firigisi ilikuwa yake. Kwetu firigisi ni ya mwanamume. Sisi wasichana tulilelewa tukiipika, tukiipakua na kuitazama ikienda. Shemeji aliiweka juu ya sahani yake pamoja na ngozi yote, kisha akamalizia kwa kuimwagia mafuta ya sufuria.

Nilimweleza kaka yote aliyosema daktari, nikamsihi akapimwe. Alicheka. Kwake hayo ni magonjwa ya watu wa ofisini. Anayeshika jembe hawezi kuwa na mafuta. Akanyoosha paja la kuku kuelekea picha ya baba ukutani.

"Si uangalie mwenyewe. Baba hakuwa na hizo vitu."

Picha hiyo ndiyo iliyotangulia jeneza. Wajomba walitaka maiti mwenye heshima, kwa hiyo walimwagiza fundi wa picha kule Bungoma amsafishe. Fundi akafuta makunyanzi, akafuta vipande vya kwenye kope, na juu ya hayo akamvisha tai ambayo baba hakuwahi kuimiliki. Miaka yote hii kaka alikuwa akila chini ya uongo huo na kuuapia. Nilimwambia picha imechezewa. Akasema nimekuja na maringo ya Kitale. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira niliogopa, maana sina kaka mwingine.

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Alisema bila kuinua uso:

"Alikuwa nazo. Kila asubuhi nilikuwa namwambia anawe uso vizuri. Nilidhani ni tongotongo."

Akainuka, akamwendea kaka, akamsugua kope kwa kidole gumba, jinsi mama anavyomfuta mtoto anayekwenda shule. Alisugua, akasugua tena. Havikutoka. Alibaki ameshika uso wa mwanawe.

Kaka aliacha kutafuna. Akaisukuma sahani, akaniuliza kwa sauti ya chini hospitali inafunguliwa saa ngapi Jumatatu, na kama kweli mtu huenda bila kula. Nikamwambia aache kula tangu usiku, nami nitamngoja langoni.

Firigisi ilibaki katikati ya meza, hakuna wa kuigusa. Nikaichukua nikaila, baba akinitazama na tai yake. Kitu kigumu, hakina ladha yoyote. Ndicho walichotunyima tangu utotoni, na ndicho kaka alikuwa tayari kukifia.