Mchana wa Maji ya Dawa Kagunga

Nakumbuka mchana mmoja kule Kagunga, mwanangu, nilipokunywa kikombe cha maji mbele ya watu waliokuwa wakingoja kuona kama nitakufa. Umeniuliza mtu afanye nini ili awe mwigizaji mzuri na adumu kwenye kazi hii. Karibu yote ninayoyajua niliyapata mchana ule, kwa hiyo vumilia kwanza nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Kila siku watu walivuka kutoka Burundi, wengi kwa miguu kupitia milimani, wakakusanyika ufukweni kungoja meli iwalete Kigoma. Kagunga ni kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na watu walikuwa wengi hadi wakalala mchangani. Kipindupindu kikaingia. Wahudumu wa afya wakaleta matangi ya maji yaliyotiwa dawa, lakini watu wakayakwepa, wakawa wanachota ziwani, palepale walipoogea na kufulia. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba dawa ile imewekwa ili kuwamaliza. Usiwacheke. Mtu aliyekimbia bunduki hana sababu ya kumwamini kila anayemletea ndoo.

Ndipo kikundi chetu cha maigizo kikaombwa kwenda. Tulikuwa wachache tu, tukifanya mazoezi Ujiji. Kiongozi wetu alikuwa Mama Yasinta, Muha wa Kasulu, mwanamke wa makamo aliyeanza na maigizo ya Krismasi kanisani kwao. Nyota wetu alikuwa Daudi wa Buzebazeba, kijana mwenye sauti na sura, ambaye watu walimshangilia hata kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa msichana mgeni kikundini, bado naogopa kutazama watu usoni.

Igizo lenyewe lilikuwa fupi. Daudi alikuwa mume, mimi mke wake, na Mama Yasinta alikuwa mama mkwe anayekataa maji ya dawa. Mwishoni mume anakunywa kikombe kizima mbele ya mama yake, mama analegea, na sote tunaimba.

Tulicheza mbele ya tangi, watu wakiwa wameketi mchangani kutuzunguka. Hawakucheka. Mstari wa mbele alikuwepo mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni, ambaye hakuondoa macho kwa Daudi hata mara moja. Daudi alipofika mahali pa kunywa, akainua kikombe, akarudisha kichwa nyuma, akajifuta mdomo na kushusha pumzi kwa raha. Ndivyo alivyofanya siku zote. Kule Ujiji kikombe kilikuwa kitupu, na watu walipiga makofi.

Yule mama akasimama. "Ntiyamize," akasema kwa Kirundi. Hajameza.

Hakupaza sauti. Lakini waliokuwa nyuma yake walilirudia neno lile, na waliokuwa nyuma yao pia, mpaka likafika mwisho wa umati. Wanaume wakaanza kusimama. Mmoja akalishika tangi kana kwamba anataka kulipindua. Nikawaona wahudumu wa afya wakirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea boti lililotuleta. Daudi akaacha kuwa mume, akawa Daudi, akaanza kueleza kwa Kiswahili cha haraka kwamba haya ni maigizo tu, mwigizaji hanywi kweli. Mwanangu, wale watu walisikia jambo moja: wanakiri kuwa ni uongo. Mimi nikamgeukia Mama Yasinta kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mama Yasinta alikuwa bado ameketi kwenye mkeka wa mama mkwe. Hakuwa amebadilika hata kidogo. Akamnyooshea Daudi kidole.

"Na mimi nimeona hajameza," akasema, kwa Kiha ambacho Warundi wote walikielewa. "Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Najua anavyomeza."

Watu wakamgeukia. Hakuwapinga, alikuwa upande wao, na alikuwa bado ndani ya igizo. Akamwambia yule mama achukue kikombe, akimwage, akioshe mwenyewe, akijaze mwenyewe kutoka kwenye tangi, kisha ampe mkwe wake. Yaani mimi.

Yule mama, ambaye baadaye nilijua anaitwa Goreti, alikijaza mpaka juu. Nilikipokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa na harufu kali ya dawa. Alisimama karibu nami hata nikasikia pumzi za mtoto wake, akalitazama koo langu. Nikanywa polepole, funda kwa funda, mpaka nikaona chini ya kikombe.

Nilidhani yameisha. Goreti akarudi kuketi, akasema, "Sasa tumtazame." Na umati wote ukaketi tena kunitazama.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Igizo letu lilikuwa limefika mwisho, na hatukuweza kuondoka. Mama Yasinta akaanzisha maneno ambayo hatukuwahi kuyafanyia mazoezi, akalalamika jinsi ninavyopika, akamwuliza Daudi mahari ilikwenda wapi kwa mke kama huyu. Daudi, namshukuru, alirudi kuwa mume akamjibu. Mimi sikuwa nimekula tangu jana yake, boti lilikuwa limenitikisa asubuhi nzima, na maji yale baridi yakaliamsha tumbo. Likaanza kukata. Jasho likanitoka. Nilijua kwamba nikijishika tumbo tu, basi. Tangi litapinduliwa, watu watarudi ziwani, na sisi sijui kama tungefika kwenye boti. Lakini mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe.

Mama Yasinta aliuona. Akanisukumia sufuria yenye masizi. "Wewe unakaa tu kama mgeni? Sugua."

Nikachota mchanga nikasugua. Nilisugua sufuria ile kwa nguvu zangu zote, nikihesabia pumzi, nikisikiliza maneno yake ili nimjibu, na maumivu yakawa yanakuja na kwenda bila kuonekana usoni. Mwanamke mmoja akasema kwamba sisugui vizuri. Nikamwomba anifundishe, akaja akanifundisha. Hapo watu wakacheka mara ya kwanza.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea mlimani Goreti aliposimama tena. Akanishika kidevu, akanitazama machoni. Akatuambia kwamba amemzika mtoto wake mkubwa juzi, hapo juu kidogo, na kwamba alikuwa amempa maji yale ya tangi. Mhudumu mmoja akamwuliza taratibu kama mtoto alikuwa ameshaanza kuharisha kabla ya kuyanywa. Akakaza mbeleko ya mtoto mgongoni, kisha akasema ndiyo. Akajaza kikombe, akanywa mwenyewe. Huyu wa mgongoni, akasema, atampa kesho, yeye akiamka mzima.

Baadhi ya watu wakaleta madumu yao. Wengine walikwenda ziwani kama kawaida. Hatukuimba wimbo wa mwisho.

Kwenye boti Daudi alijitetea kwamba ndivyo waigizaji wanavyofanya kila mahali. Mama Yasinta hakumgombeza. Alimwambia, "Yule mama alikuja na kaburi moyoni, wewe ukaja na ujanja wa ukumbini." Kisha akanigeukia mimi. Akasema nilikunywa vizuri, lakini watu waliposimama nilimtazama yeye badala ya kumtazama Goreti, na kwamba macho yangu yaliyoomba msaada yangeweza kutuua kabla ya mtu yeyote kunyanyua jiwe.

Daudi aliomba turudi kesho yake. Tulirudi, tukamkuta Goreti kwenye foleni ya tangi, na safari hii Daudi alikunywa kweli. Kwa muda mrefu baada ya hapo alichukua sehemu ndogo ndogo, akajifunza Kirundi kwa kukaa na watu na kuwasikiliza. Baadaye aliitwa kuigiza mpaka Kibondo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Jua maneno yako vizuri kiasi kwamba siku yakikatika unaweza kuyaacha bila kuogopa. Msikilize mwenzako anaposema, usisubiri tu zamu yako; kilichoniokoa mimi ni kusikiliza. Hofu ikija, ipe mikono kazi. Kula kabla ya kucheza, hata kipande cha muhogo. Kabla hujasimama mbele ya watu, keti nao ujue wamepoteza nini na wanaongeaje, kwa sababu hawakuja kukutazama wewe, wamekuja kujitazama wao. Usiidharau sehemu ndogo: mama mkwe yule hakuwa mhusika mkuu. Na kosa likitokea, usikimbilie kujieleza. Baki ndani, lipokee, litumie. Atakayekuita tena kazini si yule aliyeona uzuri wa sura yako, ni yule aliyekuona ukibeba wenzako siku mambo yalipoharibika.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyokauka na masikio yaliyo wazi. Akupe wenzako wa kukushika na wewe uwashike. Kila utakaposimama mbele ya watu, wakuamini, na uwe umestahili kuaminiwa.